Viasi vya Bunduki Vilivyookotwa

Wazee wa pwani huita kiasi ile risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake. Nasi twaona jina hilo lafaa, kwani mwenye gobore hupima baruti yake kwanza. Risasi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni jina la madini yenyewe.

Katika nchi ya Tanga, palipopiganwa Novemba 1914, maganda ya viasi huonekana mashambani. Lililo nene, la milimita 11, ni la bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871, waliyokuwa nayo askari wengi wa Wajerumani. Baruti yake ilikuwa nyeusi, na moshi wake uliwafichua wapigaji. Ganda jembamba lenye ukingo kitakoni ni la Kiingereza. La Kijerumani la milimita 7.92 halina ukingo, lina mfuo tu.

Mwaka uliochapwa kitakoni ni wa kutengenezwa, si wa kupigwa. Aprili 1915 meli Rubens ilizamishwa katika ghuba ya Manza; viasi vyake vikatolewa majini, vikafunguliwa, vikakaushwa ili vitumike. Kwa hiyo asiyejua mahali ganda lilipookotwa ana shaba tu mkononi. Tumeona maganda yaliyosuguliwa kwa mchanga na watoto wa shule hata alama zikafutika: hasara tupu! Na kiasi kizima kisiguswe kabisa, bali polisi waambiwe.

Wala ganda la Kiingereza si ushahidi kwamba Mwingereza ndiye aliyelipiga, maana pale Tanga Wajerumani waliteka viasi vya Kiingereza vingi mno, pamoja na bunduki zake.