Hesabu ya Mama

Mwezi Agosti 1978 nilikuwa miongoni mwa walimu waliopewa kazi ya ukarani katika hesabu ya watu. Pamoja na madodoso na penseli tulipewa kalenda ya matukio, karatasi ambayo hadi leo naiona ni ya thamani kuliko baadhi ya vitabu vya historia nilivyofundishia. Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa aliulizwa: Je, Mjerumani alipoondoka ulikuwa umekwisha kuzaliwa? Nzige walipokuja, ulikuwa unachunga mbuzi au ulikuwa ungali mgongoni kwa mama? Kwa njia hiyo tulimpatia kila mtu umri wake.

Swali lililotutoa jasho lilikuwa jingine. Baadhi ya akina mama walitakiwa waeleze wamezaa watoto wangapi, walio hai ni wangapi, na waliofariki ni wangapi. Huku kwetu Ugogo mzazi hahesabu wanawe mbele ya mgeni, sembuse kutaja marehemu ili waandikwe kwa penseli. Mama mmoja alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, andika hao unaowaona."

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya jambo lililotokea uani kwa mama yangu Agosti 2024, siku alipoletewa kitukuu chake.

Mama alizaliwa wakati wa nzige, yaani mnamo 1930. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, lakini masikio ni mazima. Mwanangu wa mwisho na mkewe walitoka Dar es Salaam na mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miezi saba, kwa treni ya umeme ambayo ilikuwa imeanza safari za Dodoma mwezi uliotangulia tu. Kutoka stesheni niliwapakia kwenye gari mpaka kijijini. Mkwe wangu alipiga magoti, akamweka mtoto mapajani kwa bibi.

Mama hakusema kitu. Alianza na utosi, akaupapasa kwa kidole kimoja, akashuka masikioni, shingoni, mbavuni, mpaka kwenye nyayo. Ndipo akacheka na kusema, "Mume wangu huyu! Mbona umechelewa hivi?" Sote tukacheka, maana utani wa bibi na mjukuu ndio huo, na kwa kitukuu unazidi.

"Amezaliwa lini?" akauliza.

Mwanangu akatoa kadi ya kliniki na kusoma tarehe, saa, na uzito: kilo tatu na gramu mia mbili. Mama akasubiri amalize.

"Nimeuliza lini."

Kijana akanitazama. Kisha akajaribu: "Mwaka wa treni mpya, Bibi."

"Treni ilikuwapo. Babu yako mkubwa aliiona ikija."

Hapo alikuwa sahihi, kwani reli ya Wajerumani ilifika Dodoma kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1914 ikakamilika hadi Kigoma. Mkwe wangu ndiye aliyetuokoa. Alisema mtoto alizaliwa Januari, barabara zikiwa zimejaa maji, mvua za El Niño zikiwa hazijaisha. Mama akaridhika. "Basi ni wa mvua." Akatuuliza kama mvua hiyo ilifikia ile iliyoikata reli, yaani ya 1997 na 1998.

Baada ya hapo akaendelea kumshika mtoto kisigino, na pasipo kuulizwa na mtu akaanza kusema. Alisema kisigino hiki anakijua. Wa kwanza wake alikuwa nacho. Alizaliwa mwaka Wazungu walipoanza kufyeka pori la Kongwa kwa ajili ya karanga, akafariki kabla ya kuota meno. Mradi ule wa karanga ulianza 1947, na mwaka 1951 Waingereza wakautupilia mbali, baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Wa pili alikuwa msichana, akachukuliwa na surua mwaka wa njaa, ambayo kwa hesabu yangu ni 1949. "Halafu huyu Mwalimu," akasema, akinielekezea kidevu. Mwingine alifariki katika njaa iliyofuata, ile ya miaka ya 1953 hadi 1955. Na wa nne alikufa mwaka wa Uhuru, tulipokuwa tunakula mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka Marekani.

Msomaji anielewe. Nilikuwa na umri wa miaka 73. Maisha yangu yote nimekuwa kifungua mimba. Nimekaa kwenye kigoda cha mkubwa katika mahari za wadogo zangu wanne, nimegawa urithi wa marehemu baba kwa haki hiyo, na nimewafokea kwa haki hiyo. Kumbe mimi ni wa tatu. Hakuna aliyenidanganya; hakuna aliyewahi kusema kitu, basi. Nadhani hata dodoso la 1978 lilimwandika mama yangu kuwa na watoto watano, na mahali pa waliofariki pakawekwa sifuri.

Ukimya huo haukuanzia kwake. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa binti mdogo wakati wa njaa kubwa tunayoiita Mtunya. Vita vilipokuja, jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Dodoma, nao wakachukua vilivyobaki. Kisha mvua zikagoma. Kati ya 1917 na 1920, katika wilaya iliyokadiriwa kuwa na watu 150,000, inasemekana wapatao 30,000 walikufa. Tulifundishwa shuleni kuhusu majemadari wa vita vile, Mtunya hatukufundishwa. Bibi alitoka katika nyumba ya watu wengi akabaki na shangazi mmoja. Aliwakataza wanawe kuhesabu watu, na ukijaribu kuhesabu hata vifaranga mbele yake alikupiga kofi.

Hivyo mama alipowataja wale wanne kwa utaratibu, huku kiganja chake kikiwa juu ya kisigino cha mtoto, nilijua kuwa anavunja jambo zito. Nilichukua kadi ya kliniki, maana karatasi nyingine sikuwa nayo, nikaandika nyuma yake. Mkwe wangu hakukasirika. Hesabu ya 1967 ilikadiria kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, wapatao 155 walifariki kabla ya kutimiza mwaka. Utafiti wa afya wa 2022 ulipata 33. Nimewahi kuziandika tarakimu za namna hiyo ubaoni mara nyingi, na wanafunzi wakazinakili vizuri.

Mwanangu aliuliza walizikwa wapi. Mama akasema nyuma ya tembe, kule mahame. Kaya yetu ilihamishwa katika Operesheni Dodoma, 1970 na 1971, kwenda kwenye kijiji cha ujamaa, na kule hatukurudi ila kukata kuni. Asubuhi yake tulikwenda wawili, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Tembe limekwisha kuwa kichuguu cha udongo mwekundu. Tulikuta jiwe la kusagia limepasuka, na uwele wa mtu mwingine umevunwa mpaka ukingoni mwa kichuguu. Makaburi hayaonekani. Mwanangu alipiga picha ya mahali tulipodhani ndipo.

Tuliporudi mama aliuliza swali moja tu: kama mbuyu bado umesimama. Nikamwambia umesimama. Akasema tumpe mtoto uji, ana njaa.