Kanisa Lisilo na Jengo katika Nyika ya Karaganda

Nyika ya Karaganda, katikati ya Kazakhstan, ni nchi ya upepo na baridi kali. Utajiri wake u chini ya ardhi, yaani makaa ya mawe. Ili kulisha migodi na viwanda, Wasovieti waliunda kambi ya Karlag (1931–1959), ambamo wafungwa walilima na kufuga. Jengo la utawala wake huko Dolinka sasa ni makumbusho, na wageni hupelekwa kulitazama. Ni vyema waende.

Lakini mwanahistoria wa Kanisa hana budi kuuliza pia habari za Wajerumani wa Volga, wengi wao Walutheri, waliohamishiwa Siberia na Kazakhstan kwa amri ya tarehe 28 Agosti 1941. Kanisa lao lilikuwa limekwisha kuvunjwa kufikia 1938, na wachungaji wao kufungwa au kuuawa. Basi ni nani aliyebatiza na kuzika? Walei, na mara nyingi akina mama wazee, wakisoma mahubiri ya zamani majumbani kwa siri, au nyimbo zilizonakiliwa kwa mkono. Sisi tuliozoea kuandika historia kwa orodha ya maaskofu na vituo vya misheni twapata shida hapa, kwa maana akina mama hao hawakuacha minara wala mihtasari ya vikao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wazao wao wengi wamehamia Ujerumani, na kumbukumbu hizo zimekwenda pamoja nao.