Ndovu wako kwa gemu, Joginder hayuko

Wadau, leo tuongee historia ya rally, lakini ile ya kwenye skrini.

Katikati ya miaka ya tisini, Sega ya Japani ilitoa Sega Rally Championship. Ilikuwa mashine kubwa ya kuingiza sarafu: unashika usukani, unakanyaga mafuta, saa inakukimbiza. Kilichowashtua watu ni barabara. Kwa lami gari linashika, kwa changarawe linateleza, kwa matope ni story ingine kabisa.

Sasa cheki njia yake ya kwanza, ile inaitwa Desert. Vumbi, nyasi kavu, pundamilia, ndovu. Kwani hiyo ni wapi kama si kwetu? Hata magari yanasema. Lancia Delta ilishinda Safari Rally 1988, 1989 na 1991. Toyota Celica ilishinda mara nane kati ya 1984 na 1995. Lakini lile gari la siri ambalo kila mchezaji alilitafuta, Lancia Stratos, halikuwahi kushinda hapa. Mwaka 1975 lilimaliza la pili, nyuma ya Peugeot 504, gari lile lile ambalo wazee wetu walipanda wakienda safari za mbali.

Gemu ikafika nyumbani: Sega Saturn 1995, kisha kompyuta za Windows 1997. Ikazaa watoto pia. Waliotengeneza Colin McRae Rally ya 1998 waliifuata Sega Rally, na toleo lao la pili, la 2000, liliweka Kenya kwa jina. McRae mwenyewe alishinda Safari mara tatu: 1997, 1999 na 2002. Huku Migori wengi wetu hatukuwahi kuona mashine za sarafu. Sisi tulijua mbio za magari kwa kompyuta ya saiba na PS ya kulipia.

Hapa ndipo nina shida. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda Safari akiendesha Celica, na Patrick Njiru akamaliza wa nne na Subaru. Miaka mingi kabla yao, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapo juu tu, alishinda 1965 kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Hao wote Sega haikuwaona. Iliona ndovu.

Mtasema ni gemu tu. Sawa, lakini Safari ilitoka kwa WRC baada ya 2002, na ilipotakiwa kurudi 2020, corona ikaifuta. Mwaka huo huo gemu ya WRC 9 ikatoka ikiwa na Kenya ndani. Yaani mtoto wa Ulaya aliendesha Safari kwa sebule yake kabla magari yenyewe hayajafika Naivasha 2021. Kwa watu wengi duniani, gemu ndiyo kumbukumbu ya Safari. Na kwa hiyo kumbukumbu, sisi ni mandhari.

Sitaki tuwalaumu Wajapani. Walipenda walichokiona, wakakijenga. Swali ni letu. Vijana wanasomea programu hapa Migori, Homa Bay, Kisumu. Volvo ya Joginder, matope ya Aprili, barabara hadi Kampala na Dar: hiyo ni gemu tayari, inangoja mtu wa kuiandika.

Nani anaanza? Mimi sauti ya kusoma njia nitaweka bure, tena kwa Kiswahili.