Tauros amenilipisha soda

Wadau, niko fildi Mikumi. Jumamosi nimeenda Kilosa kwa binamu yangu, kanichapa Pokémon ya kwanza, ile ya 1996, mara nne. Soda nne nimelipa!

Timu ni ya sita. Mimi nilijaza wa moto, wakali wa sura tu. Yeye ana Tauros, fahali kama nyati wa hapa hifadhini. Kumbe toleo lile mwenye kasi ndiye aliyebahatika zaidi kupiga pigo maradufu, na Tauros ana mbio balaa. Tena ana Alakazam, wa nguvu za akili. Mizimu ilitakiwa imdhibiti, ila kosa la programu likafanya isimdhuru kabisa. Wajapani walirekebisha 1999 kwenye Gold na Silver, wakaongeza na aina ya giza.

Nimeshawapunguza wa moto. Charizard tu simtoi, jamani.