Namna palu ilishinda Nivaquine

Uliza bazee ba Mokambo dawa ya palu ya wakati wao, batakutajia Nivaquine. Ni klorokini ile, kidonge kichungu cha bei kidogo. Sisi tulisoma tu kama "mikrobe ilizoea dawa". Ilizoea namna gani? Jibu iko ku hemi, kile kipande chenye chuma ndani ya hemoglobini.

Kimelea cha palu, Plasmodium falciparum, kinaingia mu chembe nyekundu ya damu na kuila hemoglobini ndani ya kamfuko kanakoitwa vakuoli, njo tumbo yake. Protini inakuwa chakula, lakini hemi inayobaki ni sumu. Kinaigeuza fuwele za kahawia. Rangi hiyo njo Laveran, daktari wa jeshi ya Ufaransa, aliona mu damu ya mgonjwa kule Algeria mwaka 1880.

Kazi hiyo inataka asidi, na asidi haiji bure. Pampu za ku utando wa vakuoli zinatumia ATP kusukuma protoni ndani. Klorokini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1934, inaingia kwa urahisi, inashika protoni, inashindwa kutoka, kisha inazuia hemi isigeuke fuwele. Kimelea kinakufa na sumu ya chakula chake, mu mtego ambao chenyewe kililipia. Kwangu mimi, hakuna dawa iliyobuniwa kwa akili kuliko hii, hata kama waliobuni hawakujua.

Lakini ku utando ule ule kuna protini PfCRT, mlango wa kutoshea mabaki ya hemoglobini. Asidi-amino ya 76 ikibadilika, pamoja na zingine zinazoisindikiza, klorokini nayo inapita. Na nguvu ya kuitosha? Ni zile protoni zenyewe. Usugu ulianza Asia na Amerika ya Kusini miaka ya 1950, ukafika Kenya na Tanzania mwisho wa miaka ya 1970, kisha kwetu. Kongo iliacha klorokini mwaka 2001, na mwaka 2005 ikachukua artesunate na amodiakini. Zambia, ng'ambo tu ya kizuizi cha Mokambo, ilichagua Coartem tangu 2002.

Malawi iliwatangulia wote Afrika, mwaka 1993. Ule mlango uliobadilika unafanya vibaya kazi yake ya kawaida, basi dawa ilipokosekana, vimelea vya zamani vikashinda tena. Mu jaribio lililotangazwa 2006, klorokini iliponyesha asilimia 99.

Dawa za leo nazo zinategemea hemi: chuma yake njo inawasha artemisinini. Mwaka 2020 kulitangazwa Rwanda vimelea vyenye badiliko ya jini kelch13. Vile havikufungua mlango. Vinakula hemoglobini kidogo, hemi inapunguka, dawa inawaka kidogo. Dozi ya Coartem ya mtu mkubwa ni vidonge 24 kwa siku 3. Ku mupaka bado kuna mwenye kununua 8, homa ikishuka anarudia kazi.