Nchi Jirani: Mafalala, Mtaa Ulionyimwa Tofali

Tuwatajapo jirani zetu wa Msumbiji, aghalabu twaanza na Mto Ruvuma, kambi za Kongwa na Nachingwea, na vita vya ukombozi vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964. Hayo yastahili kutajwa daima, hususan mbele ya askari. Lakini vita havizaliwi msituni. Huzaliwa mahali watu wanapolala, wanapopikia na wanapolelea watoto, kisha ndipo huingia msituni. Kwa hiyo katika mazungumzo ya leo twaelekea kusini zaidi, mpaka mji mkuu wa nchi hiyo, katika mtaa uitwao Mafalala. Tutautazama kwa njia ya kuta zake, kwa sababu kuta za Mafalala hazikuwa kazi ya fundi peke yake. Zilikuwa pia kazi ya sheria, na sheria hiyo ilikuwa na walinzi wake.

Mji tuuitao leo Maputo uliitwa Lourenço Marques enzi za Wareno. Ulikuzwa na bandari na reli. Reli ya kwenda Transvaal ilifunguliwa mwaka 1895, na mwaka 1898 serikali ya kikoloni ikahamishia hapo makao makuu yake kutoka Kisiwa cha Msumbiji. Bandari ilitaka wachukuzi, reli ilitaka vibarua, na nyumba za walowezi zilitaka wapishi na madobi. Watu hao wote walihitajika mchana. Wapi walale usiku, hilo halikuwashughulisha sana watawala. Ndipo mji ukagawanyika pande mbili. Upande mmoja ukaitwa mji wa saruji, wenye barabara za lami, mabomba na taa. Upande wa pili ukaitwa mji wa matete, kwa kuwa nyumba zake nyingi zilikuwa za matete. Kati ya miji hiyo miwili ilipita barabara kubwa iliyopinda kama upinde, iliyoitwa Caldas Xavier na ambayo baadaye ilipewa jina la Marien Ngouabi. Mafalala ipo ng'ambo tu ya barabara hiyo. Mtu aliweza kuivuka kwa hatua chache, lakini akawa amehama kutoka utawala mmoja hadi mwingine.

Jina la mtaa wenyewe, kwa masimulizi ya wakazi, latokana na ngoma ya Wamakua waliotoka kaskazini. Wamakua si wageni kwetu; ndugu zao tunao Masasi na kwingineko kusini mwa nchi yetu. Walipofika Lourenço Marques walikuja na dini ya Kiislamu na ngoma ya tufo, ambayo huimbwa na wanawake kwa mwendo wa pamoja, ikifuata vigoma ambavyo msikilizaji wa pwani hatashindwa kuvitambua kuwa ni jamaa ya dufu. Pamoja nao walikaa Waronga na Wachangana wa kusini, watu wa Komoro, machotara, Wahindi wenye maduka, na Wareno maskini wachache. Hivyo Mafalala, mtaa mdogo wa pembezoni, ulikusanya Msumbiji nzima kabla Msumbiji haijawa taifa.

Sasa tuitazame sheria. Katika mitaa hiyo ya matete, mkazi hakuruhusiwa kujenga kwa jiwe, tofali wala saruji. Hoja ya wakuu wa mji ilikuwa kwamba ardhi hiyo ni akiba ya mji wa kesho; siku itakapohitajika, waliopo waondoke upesi na bila fidia. Mahali pengi ardhi ilikuwa na mwenyewe aliyepokea kodi ya kiwanja, na mkazi alikuwa mpangaji wa mchanga tu. Nyumba ya tofali ingekuwa ushahidi kwamba mtu amekaa na anakusudia kuendelea kukaa. Nyumba ya matete hubomolewa kwa asubuhi moja. Kwa hiyo wale waliodhani kwamba Mwafrika aliishi katika kibanda kwa kuwa hakujua kujenga, au hakuwa na fedha, walikosea. Wapo waliokuwa na fedha na ujuzi pia. Kilichokosekana ni ruhusa.

Chini ya amri hiyo watu walijenga kwa namna mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya matete yaliyofungwa juu ya miti, na bati juu. Ni nyumba nyepesi, yapitisha upepo, lakini matete huoza, na cheche moja ya moto yatosha kuteketeza safu nzima. Nyumba ya pili, nayo ndiyo iliyoipa Mafalala sura yake, ilikuwa ya mbao na mabati. Fundi seremala alisimamisha kiunzi cha boriti, akakivika mabati yenye migongo kuanzia chini hadi juu, kisha ndani akatandaza mbao na kuzipaka rangi. Nyumba nyingine zilikuwa na kibaraza mbele na mapazia madirishani, na usafi wake ulikuwa fahari ya mwenyewe.

Na hapa pana kinaya. Mabati hayo yalikuwa kwanza vazi la walowezi wenyewe. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, sehemu kubwa ya Lourenço Marques ilikuwa mji wa mbao na mabati. Mpaka leo ipo Maputo nyumba nzima ya chuma iliyoletwa kutoka Ubelgiji mwaka 1892 kwa ajili ya gavana, na yasimuliwa kwamba haikukalika kwa sababu ya joto. Mzungu alipopata saruji aliyaacha mabati. Mwafrika alipoyapata akaambiwa kwamba hapo ndipo mwisho wake.

Atakaye kujua maisha ndani ya bati na amuulize askari aliyewahi kulala katika hanga la bati bila dari. Mwezi wa Januari nyumba ni tanuri. Mwezi wa Julai, baridi ya kusini huingia mpaka mifupani. Mvua ikinyesha, watu hawasikilizani. Kwa hiyo maisha yalihamia uani. Chini ya mwembe palitwangwa mahindi, palikunwa nazi, palipikwa matapa, yaani kisamvu kwa karanga, na palisuluhishwa ugomvi. Uani pia palipangwa safu za vyumba vya kupangisha, mlango kwa mlango, na nyua zilitengwa kwa matete au mabati makuukuu. Maji yalitekwa kwenye mabomba machache, na mwenye debe alipanga foleni. Mifereji haikuwapo, na kwa kuwa sehemu ya mtaa ipo bondeni, masika ilileta madimbwi yaliyokaa wiki nyingi na kuzaa mbu. Jioni duka la kona lilikuwa klabu na gazeti la mtaa. Humo na katika kumbi za karibu ilisitawi marrabenta, muziki wa gitaa uliokuja kujulikana kuwa sauti ya mji huo.

Ndugu wasikilizaji, sheria ina mikono, nayo mikono hiyo ni askari. Mkoloni wa Kireno alikuwa na polisi wake wa kizungu, na chini yao waliwekwa askari wa Kiafrika walioitwa sipai. Mwafrika asiye na hadhi ya asimilado alipaswa kubeba kijitabu cha kitambulisho, na aliyekutwa mjini usiku bila ruhusa alikamatwa. Adhabu iliyojulikana mno ilikuwa palmatoria, kibao cha mbao chenye matundu, kilichopigwa viganjani mpaka vikavimba. Baada ya kibao ilikuwapo shokoa, kazi ya kulazimishwa. Cheo cha asimilado na ubaguzi huo wa kisheria vilifutwa mwaka 1961, lakini barabara ile iliyopinda haikunyooka, na ukuta wa tofali haukuruhusiwa kwa urahisi.

Watu walijibu namna gani? Wengine walijibu kwa kalamu. Katika mtaa huu waliishi washairi Noémia de Sousa na José Craveirinha. Craveirinha alitiwa kifungoni na PIDE, polisi wa siri wa Wareno, katika miaka ya 1960. Wengine walijibu kwa mpira. Eusébio, aliyezaliwa mwaka 1942, alijifunzia mchezo katika viwanja vya mchanga vya Mafalala, na mwaka 1966 akaifungia Ureno mabao 9 katika Kombe la Dunia. Ureno ilijivunia miguu yake, ila mtaa uliomlea uliendelea kunyimwa tofali. Wengine walijibu kwa safari. Muuguzi kijana wa hospitali ya mjini humo, Samora Machel, ambaye mtaa huu humhesabu miongoni mwa wakazi wake wa zamani, alitoroka mwaka 1963 akapitia Bechuanaland hadi Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO. Msikilizaji ajua yaliyofuata.

Lakini walio wengi, ambao majina yao hayamo vitabuni, walijibu kwa ukuta. Mtu alinunua tofali kidogo kidogo, akajenga ndani, nyuma ya mabati yake, kimya kimya. Kutoka nje mkaguzi aliona bati. Ukuta ulipokamilika, mabati yalivuliwa, na nyumba ikasimama mchana kweupe. Baadhi ya wakaguzi walidanganyika. Baadhi walifumbwa macho kwa hongo. Na mara nyingine walikuja na kubomoa. Yafaa tulipime jambo hili kwa uzito wake. Mtu ajengaye nyumba kwa siri kama mwizi, hali fedha ni yake na jasho ni lake, amekwisha kuwekwa vitani na serikali yake kabla risasi ya kwanza haijalia.

Tarehe 7 Septemba 1974, siku ile ile FRELIMO na Ureno walipotia sahihi mapatano ya Lusaka, walowezi wenye siasa kali waliiteka redio ya Lourenço Marques wakitaka kuyazuia mapatano hayo. Mji wa matete ukawaka, na kwa siku kadhaa damu ya watu wengi ilimwagika. Jaribio hilo lilishindwa, na tarehe 25 Juni 1975 bendera ya uhuru ikapanda. Tarehe 3 Februari 1976 jina la mji likabadilishwa kuwa Maputo, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba nyumba zote za kupangisha ni mali ya taifa. Familia nyingi zilivuka barabara ile na kuingia katika maghorofa yaliyoachwa na Wareno. Hiyo ilikuwa haki kubwa. Lakini mji wa saruji haukutosha wote. Mafalala ikabaki, nazo nyumba za kupangisha zilizo mikononi mwa serikali zilikosa fedha na vifaa vya matengenezo.

Kisha likaja jambo ambalo rafiki wa kweli wa Msumbiji hawezi kulificha. Mwaka 1983, nchi ikiwa katika njaa na vita, serikali iliendesha Operesheni ya Uzalishaji. Wakazi wa miji walitakiwa kuonyesha vitambulisho vya makazi na vya kazi. Asiyekuwa navyo alihesabiwa mzururaji, na maelfu walisafirishwa hadi kaskazini, hasa mkoa wa Niassa unaopakana nasi, wengi bila kuwaaga jamaa zao. Nia ilikuwa kuzalisha chakula. Lakini palipobishwa mlango usiku na kudaiwa karatasi, mzee wa Mafalala hakusikia nia, alisikia buti. Alikuwa amewahi kuzisikia.

Hapana budi tuseme wazi kwamba kila mji wahitaji kanuni za ujenzi. Pasipo kanuni, moto huruka nyumba hata nyumba, njia huzibwa na maji hukosa pa kupita. Nasi kwetu Dar es Salaam kanuni za Wajerumani za mwaka 1891 ziligawa mji kwa aina za nyumba, na kwa njia hiyo zikagawa watu. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hayakuanguka kutoka mbinguni. Tofauti ipo hapa: kanuni njema humwelekeza mwananchi jinsi ya kujenga imara, kanuni ya Lourenço Marques ilimkataza kujenga imara. Ya kwanza yaweza kutetewa na askari mchana, mbele ya watu. Ya pili yahitaji giza na kibao chenye matundu.

Vita vya Msumbiji vilikwisha kwa mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997, ingawa yaacha ardhi kuwa mali ya dola, yamtambua mtu aliyeikalia kwa nia njema kwa miaka 10. Mafalala ya leo ina nyumba nyingi za tofali za saruji, zisizojificha nyuma ya kitu. Zile za mbao na mabati zapungua mwaka hata mwaka, na mwaka 2019 ilifunguliwa makumbusho mtaani humo ili habari zake zisipotee. Wapo wanaosikitika kuona mabati yakiondoka. Ni kweli kwamba ufundi ule wastahili kuhifadhiwa. Lakini asitakiwe mama wa watoto watano kuungua ndani ya bati ili mgeni apate picha. Alisubiri tofali kwa muda mrefu mno.

Ndugu askari, ninyi hupita katika mitaa ya watu kwa doria na kwa msako, usiku na mchana, na kazi hiyo ni ya lazima. Habari ya Mafalala yatuonyesha kwamba mtaa hauna usahaulifu. Waliotunga amri ile walikuwa maofisini, ng'ambo ya barabara, na majina yao hayakumbukwi na wengi. Anayekumbukwa ni yule aliyebisha mlango, na namna alivyobisha.