Hugh Everett, dunia nyingi na fumbo la "huenda"

Leo tuweke msimbo kando kidogo. Nataka tumzungumzie mwandishi wa programu ambaye dunia inamkumbuka kwa fizikia: Hugh Everett.

Mwaka 1957 tasnifu yake ya Princeton, Marekani, ilichapishwa baada ya kufupishwa sana. Ilidai hivi: chembe ya mwanga ikipimwa na majibu yakawa mawili, hakuna linalochaguliwa. Yote hutokea, kila moja katika tawi lake, na mpimaji naye hugawanyika. Jina "dunia nyingi" lilienezwa na Bryce DeWitt miaka ya 1970.

Hapo ndipo penye shida. Hapa Kenyenya nikisema huenda mvua ikanyesha jioni, nina maana inaweza kunyesha au isinyeshe. Kama yote mawili yanatokea, neno "huenda" lina kazi gani?

Chukua kioo kinachopitisha chembe 9 za mwanga kati ya 10 na kurudisha 1. Kila chembe inazaa matawi mawili. Ukihesabu matawi, utasema nusu kwa nusu. Maabara inasema 9 kwa 1, sawasawa na kanuni ya Max Born ya mwaka 1926: mraba wa ukubwa wa wimbi ndio uwezekano. Nadharia isiyofikia hesabu hii haifai, hata ipendeze vipi.

Everett alijibu kwamba matawi hayalingani uzito. Alitaka kipimo ambacho tawi likigawanyika, uzito wa vitawi vyake ukijumlishwa unabaki uleule. Akaonyesha kuwa mraba wa Born ndio unaotimiza sharti hilo. Wakosoaji wakauliza: kwa nini niujali uzito, ilhali kila tawi lina mtu? Mwaka 1999 David Deutsch wa Oxford akaligeuza swali: tumtazame mtu anayeweka dau kabla ya kupima. Akiwa na busara, alidai Deutsch, atalipanga dau lake kwa mraba uleule. David Wallace akaiendeleza hoja hiyo, na mabishano hayajaisha.

Mimi hulielewa hivi: programu ikijinakili mara mbili, idadi ya nakala haikuambii ipi imepewa muda mwingi zaidi wa prosesa.

Everett hakusubiri jibu. Aliingia Pentagon mwaka 1956, kisha akaanzisha kampuni za hesabu na programu. Alifariki mwaka 1982 akiwa na miaka 51.

Je, wewe ungeweka dau lako wapi: kwenye idadi ya matawi, au kwenye uzito wake?